Nusu Kidonge

Mama yangu alianguka asubuhi, wakati wa kukamua. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Robanda, kambini ninakofanya kazi ya udobi, naanika mashuka ya wageni. Aliyenipigia simu ni mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba, ambaye hakuwa na kawaida ya kunipigia. Alisema mama ameanguka zizini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Akasema kaka yangu ameshaambiwa na yuko njiani kutoka Kerende. Nilimwambia atafute gari lolote, mama apelekwe hospitali sasa hivi, wasimngoje mtu.

"Mwanangu, mimi nitasema," alinijibu. "Lakini hapa nani atanisikia?"

Nilimwachia mwenzangu mashuka nikaenda kuomba ruhusa. Gari la kambi lilinifikisha Mugumu. Hapo nikapanda gari la kwenda upande wa Nyamongo, ambalo halikuondoka mpaka lilipojaa, na kutoka barabarani nikachukua bodaboda hadi kwetu Gorong'a. Njia nzima nilikuwa napiga simu ya kaka yangu. Mara ya kwanza ilipokelewa na kukatwa. Baadaye haikupokelewa kabisa. Nikajipa moyo kwamba yuko hospitali, anahangaika na mgonjwa.

Nilifika saa tisa alasiri. Mama alikuwa bado nyumbani.

Alikuwa amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe katikati ya chumba, na mtu mmoja mzee nisiyemfahamu alikuwa amepiga magoti kando yake. Kaka ndiye aliyemleta huyo mzee kwa pikipiki. Walikuwa wamemchanja mama chale shavuni na kwenye bega, wakampaka dawa nyeusi ya unga, na damu ilikuwa imekaukia shingoni. Jicho la kushoto lilinifuata nilipoingia. Mdomo ulijaribu kusema kitu, mate yakatoka. Mama yangu alikuwa mwanamke aliyejipaka mafuta na kufunga kitambaa safi hata anapokwenda kuchanja kuni. Nikamwona vile, mbele ya wanaume sita waliokuwa wameegemea ukuta wakitazama.

Nilimwuliza kaka kwa nini hajampeleka hospitali. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Huu si ugonjwa wa hospitali, alisema, ni kitu kimetupwa na mchawi. Na hata kama ungekuwa ugonjwa, hautaki sindano.

"Wakimchoma sindano tu, umemuua," alisema. "Unataka umuue mama?"

Nilitoka nje nikampigia simu mwanamume wa kijiji cha pili mwenye gari la kubebea mazao, nikamwambia aje na bei yoyote anayotaka. Wakati namsubiri ndipo nilipomwona mama mdogo. Alikuwa ameketi chini nyuma ya ghala la mtama, peke yake, kwenye jua, mikono imelala mapajani. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua uso. Nikamwuliza kwa nini hayuko ndani na mwenzake, akasema amekatazwa kuingia. Nilikuwa na haraka, sikuelewa, na kusema kweli sikuuliza zaidi.

Tulimpakia mama sisi wawili, mimi na dereva. Kaka hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akasema kwamba likitokea lolote, watu wote hapa ni mashahidi.

Hospitali walimpima presha mara tatu, kwenye mkono mmoja na kisha mwingine. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Aliziangalia zile chale moja moja. Akaniuliza mama alianguka saa ngapi. Nilipomwambia, alitazama saa ya ukutani, na ule mtazamo wake ninao mpaka leo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Kisha akauliza kama mama alikuwa anajulikana ana presha, na kama alikuwa anatumia dawa. Nikajibu ndiyo, kwa kichwa kilichoinuka. Nikamweleza kwamba ni mimi ninayenunua, kila mwezi, natuma kwa gari, karibu mwaka mzima sasa, na hajakosa hata mwezi mmoja.

"Anameza kila siku?"

"Kila siku."

Daktari aliandika. Akasema basi huenda dozi ilikuwa ndogo kwake, maana kwa mtu anayemeza kila siku presha hii imepanda mno. Alisema mshipa wa kichwani huwa kama mpira wa maji. Ukiusukuma kwa nguvu mwaka baada ya mwaka hausemi kitu, hauumi, halafu siku moja unaachia, au unaziba. Nikatoka pale nimekasirikia zahanati yetu iliyomwandikia dozi ndogo. Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu, na ilinipa nafuu kidogo.

Tulikaa wodini siku kumi. Mama hakufa. Mguu wa kulia ulianza kusogea, mkono ulikataa, maneno yalirudi machache na hayakurudi kwa mpangilio. Akitaka maji alisema ndama. Akiona nimekosea kumwelewa alikasirika, akanipiga begani kwa mkono wa kushoto. Nilifurahi kupigwa.

Siku ya sita niliwaachia wauguzi mama, nikarudi nyumbani kuchukua nguo. Nikakuta habari imeshaiva. Kijiji kizima kilijua kwamba mama mdogo amemroga mke mwenzake. Ushahidi ulikuwa kwamba wiki mbili kabla walizozana juu ya mpaka wa shamba la muhogo, na kwamba asubuhi ile mama alitoka nyumbani kwa mama mdogo kabla ya kwenda zizini. Watoto walimwona. Aliingia mle mzima, akatoka, akaanguka. Kaka alikuwa ameitisha kikao cha wazee wa ukoo kiamue aondoke bomani. Na shamba lile la muhogo, ambalo baba alimpa mama mdogo akiwa hai, lingerudi, alivyosema kaka, kwenye nyumba kubwa. Nyumba kubwa maana yake yeye.

Nilikwenda kwa mama mdogo. Ni lazima niseme ukweli: hata mimi njiani nilijiuliza. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nafua mashuka ya watu wa dunia nzima, lakini nilitembea ule uwanja nikijiuliza mama aliingia mle kufuata nini alfajiri.

Alinikaribisha ndani, akafunga mlango nusu. Alikuwa amekonda. Nilimwuliza moja kwa moja. Akaenda nyuma ya pazia la kitanda akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani kulikuwa na wembe uliofungwa kwenye karatasi, na karatasi ya vidonge. Niliitambua. Ni ile niliyotuma mwezi ule.

"Alikuja kwa ajili ya hii," alisema. "Kila asubuhi anakuja. Mimi ndiye mwenye mkono usiotetemeka, kwa hiyo nakata mimi. Nusu yake, nusu yangu."

Akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Siku watu wa afya walipokuja mnadani kupima bure, walikwenda pamoja, yeye na mama, kuuza kuku. Walipimwa kwenye benchi moja. Mama alikutwa na presha. Yeye alikutwa nayo pia, tena ya kwake ilizidi, hata mpimaji alimwita mwenzake aje aone. Wote wawili waliandikiwa. Mwezi wa kwanza zahanati iliwapa dawa. Mwezi wa pili waliambiwa zimeisha, wakanunue dukani.

"Yeye alikuwa na wewe," mama mdogo alisema. "Mimi nilikuwa na nani?"

Alizaa binti watatu, wote wameolewa mbali, mmoja huko ng'ambo ya Sirari, na hakuna hata mmoja mwenye chake mkononi. Alijaribu kumeza mizizi iliyouzwa kwa kipaza sauti mnadani, ile inayotibu kila kitu kuanzia minyoo hadi ugumba. Mama alipoiona akaimwaga. Siku iliyofuata akaja na karatasi ya vidonge na wembe.

Ningependa kuandika kwamba sikujua. Nilijua. Mama aliniambia kwenye simu, mara moja, mwezi ule wa pili. Nakumbuka nilikuwa napiga pasi. Alisema na mwenzangu pia amekutwa nayo, je, ungeweza kutuma za watu wawili? Nami nikamjibu kwamba mama mdogo ana watoto wake. Mama hakunibishia. Alisema haya, akaniuliza habari za watoto. Aliliamua mwenyewe hapohapo, kimya kimya, na mwaka mzima alimeza nusu ya uhai wake kwa sababu mimi sikutaka kununua karatasi mbili.

Nilikaa kwenye kitanda chake. Nilimkasirikia mama kwa kunificha. Nilimkasirikia mama mdogo kwa kupokea. Nilikasirikia zahanati inayompima mtu, inamwambia una kitu kinachoweza kukuua, halafu inamwambia dawa zimeisha. Lakini hasira hizo zote zilikuwa zinazunguka tu, zikitafuta pa kutua, na kila zikizunguka zilinirudia mimi.

Kikao kilifanyika siku ya pili yake, uwanjani. Wazee saba, kaka yangu, na vijana wa ukoo wamesimama nyuma. Mama mdogo aliwekwa pembeni. Kwetu mwanamke haongei kwenye kikao kama hicho mpaka aulizwe, na aliyeolewa nje ndiye kabisa, hana neno. Kaka aliongea kwa muda mrefu na kwa ufundi. Alisema hamchukii mtu, anamlilia mama yake tu. Baadhi ya wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akapendekeza mama mdogo ale kiapo, na asipotaka basi amejihukumu.

Nilisimama. Kaka akasema nikae, mimi ni wa boma lingine. Sikukaa. Nililiweka lile kopo la majani ya chai mbele ya mzee aliyekuwa karibu, nikatoa wembe, nikatoa karatasi ya vidonge ambayo kidonge cha mwisho kilikuwa kimebaki nusu, kingo zake nyeupe za unga. Nikawaeleza yote. Nilipofika mahali pa simu, sikuruka. Niliwaambia mama mdogo aliomba kupitia kinywa cha mama, na mimi nilimnyima. Kwa hiyo wakitafuta mtu wa kumfukuza, waanze na mimi niliyetuma nusu, halafu wamfikie huyu aliyemweka mama chini tangu asubuhi mpaka alasiri, anamchanja chale kama mbuzi wa tambiko, huku gari la kumpeleka hospitali lingepatikana kwa simu moja.

Kaka alinijia. Nadhani angenipiga. Vijana walimshika. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa, na akanitukana matusi ambayo hayapaswi kutamkwa na mtu kwa dada yake aliyezaliwa naye tumbo moja. Nami nilimrudishia mengine, sijivunii.

Wazee walizungumza kwa Kikurya kwa sauti ya chini. Mmoja alikichukua kile kipande cha kidonge, akakiangalia kiganjani, akauliza hiki ndicho kinachozuia mtu asianguke? Nikasema ndicho, kikiwa kizima, na kila siku. Akasema yeye pia aliwahi kupewa, akameza mpaka kichwa kilipoacha kuuma, akaacha. Hakuna aliyemcheka. Mwishowe waliamua kwamba neno hili halijakaa sawa, kikao kiahirishwe. Hakikuitishwa tena. Mama mdogo hakufukuzwa. Lakini hakuna mtu, mpaka ninapoandika haya, aliyekwenda kumwambia samahani. Mambo ya namna hiyo huku kwetu huachwa yaote majani, na aliyeumizwa ndiye anayetakiwa kupita juu yake kama vile hakuna kitu chini.

Kesho yake nilimpeleka mama mdogo zahanati. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati akanionyesha. Rafu ya dawa za presha ilikuwa na pakiti nne. Alisema naagiza, zinakuja hizi, watu wangu ni wengi kuliko hizi, niambie nimpe nani nimnyime nani. Wengi wao, alisema, wakipewa wanameza siku kichwa kikiuma tu, na presha haina kawaida ya kuuma. Wengine wanasubiri waishiwe ndipo waje, wengine wanaacha kwa sababu mhubiri amewaombea. Alikuwa amekasirika kunizidi. Tukatazamana kama watu wawili waliogombea kiti kimoja, kisha akatwambia tukae.

Mama mdogo alipimwa. Nesi alirudia, akaniambia tuongee pembeni, akasema huyu angeweza kuanguka yeye badala ya mama yako, ni vile tu haikuwa zamu yake. Akampa pakiti moja kati ya zile nne. Halafu akanigeukia akasema, na wewe, leta mkono. Nikamwambia mimi sikuja kwa ajili yangu. Akasema wote hawaji kwa ajili yao. Nikavuta shati juu. Ilikuwa imepanda. Si kama ya kina mama, lakini imepanda. Nilitaka kumwambia ni hasira, nimetoka kwenye ugomvi, na nilimwambia hivyo. Akanijibu nirudi siku tatu mfululizo nikiwa nimetulia, nimekaa, sijaongea. Nilirudi nikiwa nimetulia. Siku zote tatu ilikuwa juu.

Sasa mama anakaa kwa mama mdogo. Mwenyewe alichagua. Tulipotoka hospitali tukamsaidia kushuka garini, alikataa kwenda mlango wake, akaelekeza mkono wa kushoto kule kwingine. Mama mdogo ndiye anayemwogesha, anamtembeza uwanjani asubuhi na jioni kwa fimbo na kamba iliyofungwa kiunoni, na wakianguka wanaanguka pamoja. Mimi natuma karatasi za watu wawili, na yangu ya tatu naiweka kwenye dirisha la chumba changu kambini ninapoweka mswaki. Nilinunua pia mashine ndogo ya kupimia. Mama mdogo, ambaye hajui kusoma, amejifunza zile namba, ananisomea kwenye simu moja moja.

Kitu kilicholeta vita ni magadi. Nesi alituambia tupunguze chumvi na tuache kabisa magadi kwenye mboga. Tangu nazaliwa sijawahi kuona mgagani ukipikwa kwetu bila magadi, wala dagaa ambao hawakuvimba chumvi. Siku ya kwanza mama mdogo alipompikia mboga bila magadi, mama alitafuna mara moja, akatema, akaipiga sahani kwa mkono wake mzima ikaruka mpaka kwa kuku. Kisha likatoka neno, safi kabisa, la kwanza lililokaa mahali pake tangu aanguke. Alisema, "Majani." Yaani anapewa majani kama ng'ombe. Mama mdogo aliokota sahani akaisuuza, akapakua tena ileile. Wiki tatu walipigana hivyo. Siku hizi anakula, lakini hajawahi kuisifia.

Kaka alikuja mwezi uliopita. Tangu kikao hakuwa amekanyaga. Mimi nilikuwa likizo, nikamwona anaegesha pikipiki, na damu yangu ikachemka upya kana kwamba ni jana. Aliniamkia kwa kidevu. Akaketi karibu na mama, mbele ya mlango wa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alitaka kumfukuza, akapokea kikombe cha maziwa kutoka mkononi mwake bila kumtazama. Alikuwa amenenepa, jasho linamtoka, na akalalamika kwamba siku nyingi kichwa kinamgonga huku nyuma. Mama mdogo aliingia ndani akaja na ile mashine, akaiweka juu ya kigoda. Kaka akasema hivyo ni vitu vya vibibi vizee. Ndipo mama alipomshika mkono wa shati kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kuukunja juu, polepole, akikosea na kuanza tena. Kaka hakumzuia. Mtu mzima yule alikaa akakunjiwa shati.

Namba zilipotoka, mama mdogo alinitazama kwanza mimi. Nikamtajia kaka. Akasema mashine imeharibika. Nikajifunga ile mashine mkononi mwangu akaona ya kwangu, inayoshuka sasa, nikamwambia haijaharibika, na kwamba zahanati haiko mbali. Alimaliza maziwa yake, akamuaga mama kwa Kikurya, akawasha pikipiki.

Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Lakini nampigia kila Jumapili. Ananiuliza habari za mama, namjibu, kisha namwuliza kama amekwenda zahanati. Hapo huanza kusema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri.